Tovuti yako ya Ngara haionekani Google? Anzia hapa

Umefungua tovuti ya habari za Ngara na Biharamulo, ukiitafuta Google haipo? Usikimbilie kumlipa anayeahidi kukuweka namba moja. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida, na hakuna awezaye kukuhakikishia.

1. Kagua. Andika site: kisha anwani yako, bila kuacha nafasi. Hakuna kitu? Huenda bado haijaingia.

2. Fungua mlango. Kwenye mipangilio ya WordPress kuna kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji. Kama kina tiki, itoe.

3. Jisajili Google Search Console, ni bure. Tuma ramani ya tovuti, halafu vuta subira: inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki.

4. Jibu swali la mtu. Kichwa “Karibuni sana” hakitafutwi. “Nauli ya Nyakanazi hadi Rusumo” kinatafutwa.

5. Punguza uzito wa picha. Google huangalia zaidi ukurasa unavyoonekana kwenye simu.

Kwa neno “Kagera” utapambana na magazeti makubwa. Kwa Rulenge, Kabanga au boma la Wajerumani Biharamulo, una nafasi zaidi, maana wewe ndiye uliyepo.