Damu Majini: Ghadhabu ya Wachezaji mjini Melbourne, 1956

Ni desturi ya watu kumhukumu mchezaji agombanaye kwa tabia yake: huyu mkali, yule mpole. Hukumu hiyo ni nyepesi, na tukiipima kwa habari za tarehe 6 Desemba, 1956, twaiona kuwa ina upungufu.

Siku hiyo, katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, timu za Hungaria na Muungano wa Kisovieti zilikutana katika mpira wa majini, mchezo wa watu saba kwa saba hodhini. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu vifaru vya Kisovieti viliporudi Budapest, tarehe 4 Novemba, kuyazima maasi ya Wahungaria. Wachezaji wao waliondoka huku milio ya bunduki ikisikika; ukubwa wa msiba waliujua walipofika Australia.

Basi wakafanya shauri. Kirusi walikuwa wamefundishwa shuleni kwa lazima. Sasa wakakigeuza kuwa silaha, wakiwatukana wapinzani kwa lugha yao wenyewe, ili wapandwe na hasira na kuusahau mchezo. Mateke na ngumi vikafuata pande zote mbili. Hungaria ilipokuwa mbele kwa mabao 4 kwa 0, na mchezo ukikaribia kwisha, Valentin Prokopov alimpiga Ervin Zádor usoni. Zádor alitoka majini damu ikimchuruzika. Watazamaji, wahamiaji wengi wa Kihungaria miongoni mwao, wakawaka kwa ghadhabu. Mchezo ukakatishwa, polisi wakaingia kati, na ushindi wakapewa Wahungaria.

Picha ya uso ule ilienea duniani, na lawama zikamwangukia aliyepiga. Lakini Zádor mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa amemtukana Prokopov, yeye na jamaa zake. Hatusemi haya ili kumtakasa Prokopov. Mkono ulikuwa wake. Twasema kwamba ngumi ilitanguliwa na neno, neno likatanguliwa na shauri, na shauri likatanguliwa na vifaru. Tabia yaweza kutueleza kwa nini alikuwa Prokopov wala si mwenzake. Historia ndiyo itufahamishayo kwa nini damu ilimwagika katika hodhi lile, siku ile.

Hasira hasara, wasema wahenga, na hasara hiyo haikumpata aliyekasirika peke yake. Hungaria iliishinda Yugoslavia kwa mabao 2 kwa 1, ikatwaa nishani ya dhahabu. Lakini Zádor, kwa sababu ya jeraha lake, aliutazama mchezo huo kutoka kando. Wala hakurudi kwao, bali alihamia Marekani.