Chombo na Usukani: Mafunzo ya Mbali Jinja na Mbale

Mafunzo ya mtandaoni huzungumzwa aghalabu kana kwamba yalizuka pamoja na simu za mkononi. Historia ya Uganda haiafikiani na dhana hiyo.

Mwaka 1967 Makerere, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilianzisha masomo kwa njia ya posta. Mwaka 1991 ikafuata shahada kwa wanafunzi wa nje, katika ualimu na biashara. Mwalimu wa Jinja au Mbale aliweza kubaki kazini, akasoma maandishi yaliyotungwa kwa ajili yake, kisha akakutana na wahadhiri kwa muda maalumu. Mtunzi mwema wa masomo hayo alijua kwamba msomaji wake hana wa kumwuliza usiku. Hivyo alitaja lengo la kila somo, akafafanua hatua kwa hatua, akatia mazoezi yenye majibu.

Vyombo vya leo vimerithi kazi hiyohiyo. Moodle, ambayo Makerere huitumia kuendeshea masomo yake ya mtandaoni, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas, Mwaustralia ambaye mwenyewe alisoma utotoni kwa posta na redio, mbali na shule. Programu hiyo haidai ada ya leseni, na watumiaji wana ruhusa ya kuirekebisha.

Hata hivyo, chombo bora hakimfikii kila mtu. Shule zilipofungwa Machi 2020, hata zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala kililazimika kuchapisha masomo kwenye karatasi, na redio ikafundisha. Umeme wa Nile huzalishwa Jinja tangu 1954. Lakini si kila nyumba ya mwalimu katika miteremko ya Elgon, juu ya Mbale, inayouona.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi watahitaji kufunzwa huku wakifundisha. Kozi zao zikijazwa video nzito, watakaofaidi ni wa mjini, na wanafunzi wa vijijini watabaki nyuma pamoja na walimu wao.

Basi kabla ya kuchagua programu ya kutungia masomo, yafaa tuulize: Je, somo lafunguka katika simu ya bei nafuu? Laweza kuhifadhiwa na kusomwa pasipo mtandao? Laweza kuchapwa? Mwenzetu ataweza kulisahihisha mwakani bila kununua leseni? Sauti fupi zitiwe panapohusika matamshi, kama ya gh, kwani karatasi haisemi.

Wahenga walinena: chombo cha kuzama hakina usukani. Usukani wa kozi ni mwanafunzi na hali yake. Programu na ifuate.