Ajali na Kinga Yake

Wahenga walinena ya kuwa ajali haina kinga. Neno hili limewafariji wafiwa wengi. Walakini limewasitiri na wazembe pia, kwani panapotajwa majaliwa hapaulizwi hesabu.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 430. Waliokufa walizidi 800. Juma lile lile, mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikata shauri kwamba ukatili ni jambo kubwa la afya ya umma. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini fundisho lake ni moja: jeraha lina sababu, na sababu yake huweza kutafutwa kama itafutwavyo sababu ya kipindupindu.

Njia ya wachunguzi ina hatua nne: kuhesabu waliodhurika, kutafuta chanzo, kujaribu dawa, na kuieneza iliyofaa. Kuhesabu ni kazi ngumu, hasa jeraha linapopatikana nyumbani, maana aibu hufunga mlango kuliko komeo. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2001 na 2002, wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya waliulizwa faraghani. Katika kila 100 waliopata kuwa na mume au mwenzi, 41 wa Dar es Salaam na 56 wa Mbeya walisema wamepigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu. Siri ya nyumba ikawa hesabu, na hesabu haikanwi kwa wepesi kama uvumi.

Walakini kujua siko kutenda. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na zaidi ya maradufu ya hao. Watu 228 walikufa, miaka 22 baada ya MV Bukoba.

Pale Buhare, Musoma, upande wa mashariki wa ziwa hilo hilo, kipo chuo cha maendeleo ya jamii, kinachosomesha watu wa kwenda kufanya kazi na wanavijiji. Hesabu ya wataalamu hubaki karatasi tu mpaka apatikane mtu wa namna hiyo, awezaye kumwambia nahodha kwamba abiria wamezidi, na kumwambia mume kwamba kipigo si ada bali ni maradhi. Wahenga hawakukosea katika kuliwaza. Ila msiba unaorudi kwa mlango ule ule haustahili tena kuitwa ajali.