Mla Jana Kala Nini? Jibu la Kome

Wahenga walinena: Mla, mla leo, mla jana kala nini? Tunapoifundisha methali hii huwa tunawaambia wanafunzi kwamba chakula cha jana hakina ushahidi. Historia ya sayansi inatusahihisha kidogo.

Mwaka 1978 Michael DeNiro na Samuel Epstein, nchini Marekani, walionyesha kwamba kaboni ya mwili wa mnyama hufuata ile ya chakula chake. Walilinganisha isotopu zake thabiti, yaani atomi za kaboni zinazotofautiana uzito tu.

Mwaka 1985 Bruce Peterson, Robert Howarth na Robert Garritt waliwapima kome wa kinamasi cha chumvi huko New England. Kwa kuwa kaboni peke yake ilileta utata, waliongeza naitrojeni na salfa. Nyasi za kinamasi hunyonya salfa nyepesi iliyomo matopeni. Planktoni, vile viumbe vidogo vieleavyo majini, hutumia ya bahari, iliyo nzito zaidi. Ikabainika kwamba kome hula mabaki ya nyasi na planktoni pia, na kiasi cha kila kimoja hutegemea mahali alipo kinamasini.

Methali yetu inabaki na hekima yake kwa wanadamu. Kome, hata hivyo, mlo wa jana anao mwilini.