Na Tata Akija? Historia Fupi ya Ukuta Kisii

Mtu wa interia alikuja na simu mkononi, hakuleta mchoro wa karatasi. Akatuonyesha picha: jiko limeungana na sebule, taa zimefichwa kwenye jipsam, kaunta na viti viwili virefu. "Bosi, huu ukuta tukiutoa, keja itapumua," akasema, akiugonga kwa kidole. Nyumba yenyewe ni ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu, Kisii mjini. Mwenye nyumba alikubali tuikarabati kwa pesa zetu, kisha atukate kwenye kodi kidogo kidogo.

Mke wangu akaniangalia. "Na Tata akija?"

Maneno matatu tu, lakini swali hilo lina umri kuliko mji huu.

Kwa desturi ya Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si chuki. Ni chinsoni, kanuni za heshima na haya zinazosema nani aketi wapi na nani asione nini. Kanuni hizo hazikukaa vichwani tu, zilijengwa kwa udongo na fito.

Tukisikia nyumba ya msonge, wengi wetu tunadhani ilikuwa chumba kimoja cha giza na moshi. Hapana. Ndani iligawanywa. Kulikuwa na eero, upande wa mwanamume na wageni wake, na enyomba, upande wa mwanamke, palipokuwa na mafiga. Milango nayo ilikuwa miwili: mgeni na mwenye jiko hawakulazimika kupigana vikumbo. Robert LeVine, aliyeanza utafiti Gusii miaka ya 1950, pamoja na Sarah LeVine, walichapisha makala mwaka 1991 kuhusu mpangilio wa nyumba hii na jinsi Mgusii anavyojiona. Na neno enyomba halikuishia kwenye kuta. Katika boma la wake wengi lilimaanisha pia mama na watoto wake, yaani ukoo mdogo wenye mashamba yake.

Kijana akishatahiriwa hakulala tena kwa mama. Alihamia esaiga, kijumba cha wanaume. Ukipenda, hiyo ndiyo bedsita ya kwanza ya Kisii, bila deposit na bila karetaka. Nyumba ikiwa ndogo, watu hawakubomoa ukuta. Waliongeza nyumba nyingine. Ardhi ilikuwepo.

Kisha Waingereza wakafungua kituo Getembe, 1907. Wenyeji wakapaita Bosongo, mahali pa Wazungu. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, naye akapona. Jibu la serikali lilikuwa msafara wa askari waliochoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Ikaja pia kodi ya nyumba. Fikiria: mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na enyomba yake kama desturi inavyotaka, sasa anahesabiwa paa kwa paa. Heshima ikawa na bei.

Wamisionari nao walikuja na pembe nne. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa, na waumini wakaanza kujenga nyumba za mraba. Miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya ambapo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa. Baadaye ikaja chai na pareto, na pesa ya shamba ikageuka mabati. Lakini angalia boma la kijijini hadi leo, Nyamira au Kisii: sebule ya wageni mbele, vyumba vya kulala nyuma ya pazia au mlango, na jiko limesimama peke yake huko nyuma. Umbo lilibadilika, mgawanyo ukabaki.

Kilichouvunja mgawanyo ni nafasi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba Kaunti ya Kisii, na kama 675 Nyamira. Esaiga utaijenga wapi? Mwaka 2013 kaunti zilianza kazi na Chuo Kikuu cha Kisii kikapata hati yake. Wapangaji wakaongezeka, ghorofa zikapanda. Ghorofa ilichukua eero, enyomba na jiko la nyuma, ikavifungia vyote nyuma ya mlango mmoja.

Na lile jiko wazi la kwenye simu si sheria ya nyumba ndogo. Mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba ndogo za Frankfurt, Ujerumani, na lilikuwa chumba chake chembamba, kila kitu karibu na mkono. Udogo haudai kubomoa. Unadai kupanga.

Kwa hiyo tukamwambia fundi aache ukuta. Alinuna kidogo, kisha akapata wazo zuri kuliko letu: kidirisha cha kupitishia sahani, chenye kifuniko cha mbao. Pesa ya kaunta ikaenda kwenye rafu zinazofika dari, na iliyobaki ikatengeneza benchi ya koridoo, kando ya mlango wetu.

Desemba Tata alikuja kutoka Nyamira na mkungu wa ndizi. Alipanda ngazi zote, akapumzika, akaketi kwenye benchi bila kuambiwa. Tukamletea ugali wa wimbi pale pale, majirani wakipita na kumwamkia. Alipomaliza kula akautazama mlango.

"Mna huu mmoja tu?"

"Ndio, Tata. Ni huu tu."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Kisha akasogea hadi mwisho wa benchi, akaupa mlango mgongo, ili mke wangu apate kupita.