Mgogoro wa shamba Morogoro: Uanzie wapi, uishie wapi
Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKOA wa Morogoro unafahamika kwa migogoro ya ardhi. Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika Kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kufuatia uhasama baina ya wakulima na wafugaji. Katika Milima ya Uluguru, ambako kwa mila za Waluguru ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama, ugomvi wa shamba huweza kuzuka hata baina ya ndugu.

Mwananchi anayedai shamba anapaswa kufahamu kwamba mashauri ya ardhi yana ngazi zake, na anayeruka ngazi huweza kupoteza muda na fedha kabla hajasikilizwa.

Ngazi hizo ziliwekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002. Ya chini kabisa ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na mwananchi halazimishwi kulitumia.

Inayofuata ni Baraza la Kata. Zamani baraza hilo lilikuwa na uwezo wa kusikiliza shauri na kutoa hukumu, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo huo. Sasa linasuluhisha tu, ndani ya siku 30.

Usuluhishi ukishindikana, Baraza la Kata hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Bila hati hiyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipaswi kusikiliza shauri, isipokuwa kama siku 30 zimepita bila suluhu. Hapo mlalamikaji anaweza kwenda moja kwa moja.

Baraza la Wilaya ndilo linaloamua nani mwenye haki. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Wakazi wa Morogoro, ambao awali walilazimika kufuata huduma hiyo Dar es Salaam, sasa wanaipata mjini Morogoro, katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichozinduliwa mwaka 2021. Juu ya zote ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Wengi huchanganya ngazi hizo na zile za mahakama za kawaida. Mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na rufaa yake hukatwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Anayevamia shamba la mwenzake anaweza kushtakiwa kwa jinai, lakini kesi ya jinai si mahali pa kuamua mmiliki ni nani. Swali la umiliki lina njia yake, ile ya mabaraza.

Jambo jingine ni muda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya kurejeshewa ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa hiyo, anayekaa kimya kwa kumstahi ndugu au jirani anaweza kukuta mlango umefungwa, hata kama shamba lilikuwa lake.