Thamani ya Kuagizwa

Tuchukue nyumba moja ya Isevya, Tabora: matofali mabichi yaliyopigwa lipu, vyumba sita vinavyotazamana uani, bati limeanza kushika kutu. Mwenye nyumba anataka mkopo wa kukuza duka lake, na benki inadai ripoti ya uthamini. Mthamini hajakanyaga mtaa huo, hajapima ukuta wala kuona ufa, simu inaita: "Mkopo ni milioni arobaini, kwa hiyo nyumba isipungue sitini."

Namba hiyo iliyofika kabla ya mthamini inahitaji jina. Tuna neno hewa, nalo limetufaa sana: wafanyakazi hewa, mishahara hewa, fidia hewa. Lakini hewa husema kitu hakipo. Nyumba ya Isevya ipo, ina wapangaji, na hati ni halali. Kilichoghushiwa ni tarakimu tu. Ndiyo maana napendekeza thamani ya kuagizwa, kwa sababu jina hilo linamfichua pia aliyeagiza, ambaye kwa kawaida saini yake haipo popote kwenye ripoti.

Kinyume chake ni thamani ya soko. Viwango vya kimataifa vya uthamini huieleza kuwa makadirio ya fedha ambazo mali ingeuzwa siku ya uthamini, kati ya mnunuzi na muuzaji walio tayari, wasiofungamana, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila mmoja akiwa na taarifa na bila kushurutishwa. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi. Ndugu akimuuzia ndugu, au mjane akiuza haraka alipe deni la hospitali, bei hiyo si kipimo cha soko.

Ugumu ni kupata mauzo ya kulinganisha. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani hurithiwa, haziuzwi. Zinapouzwa, bei ya kweli anaijua dalali, na mkataba huweza kuandikwa bei ndogo ili kodi ipungue. Uongo huo mdogo huja kumponza jirani, maana mthamini mwaminifu hulinganisha kwa karatasi hizo hizo. Akikosa mauzo, hukadiria gharama za kujenga upya, akatoa uchakavu, akaongeza thamani ya kiwanja. Na katika kukadiria uchakavu ndipo mkono wa aliyeagiza hupenya kwa urahisi zaidi.

Tabora inaujua tangu zamani mkopo wa mtu aliye mbali. Misafara iliyofika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa zamani, katika karne ya 19 ilibeba nguo na shanga zilizokopwa kwa wafanyabiashara wa Zanzibar, kwa ahadi ya pembe za ndovu ambazo mkopeshaji hakuwa ameziona. Yeye pia, kama benki ya leo, aliishi kwa neno la mtu wa kati.

Agizo la namba si la Tabora tu. Nchini Marekani, kati ya 2000 na 2007, wathamini wapatao 11,000 walitia saini malalamiko kwamba wakopeshaji waliwashinikiza kupandisha thamani na kuwanyima kazi waliokataa. Onyo halikusikilizwa kwa wakati, na mikopo ya nyumba ikaporomoka.

Agizo huweza pia kuwa la kushusha. Mradi unapotwaa nyumba, anayelipa fidia ndiye anayetaka namba ndogo, na hapo anayeumia hana hata duka la kukimbilia. Kanuni za Tanzania za 2001 zinataka fidia ifuate thamani ya soko, pamoja na posho za usumbufu, makazi na usafiri.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwaadhibu. Hilo ni jema, na Chuo cha Ardhi kipo hapo hapo Tabora kikifundisha vijana kazi hii. Lakini adhabu humkuta aliyetia saini. Ningependa barua ya kumpa mthamini kazi iandikwe na benki, mkopaji alipe ada tu, na kiasi cha mkopo kinachoombwa kisitajwe humo hata kidogo.